Picha ya Pomboo na Chombo Kisichoonekana

Ringwani, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, haina bahari. Mto mkubwa wa upande ule ni Mara, upitao kati ya Serengeti na Tarime ukielekea Ziwa Viktoria. Na katika mto huo, wala katika ziwa lile, hakuna pomboo. Basi mtoto aliyezaliwa Ringwani, akakulia kati ya mashamba ya mtama na mihogo na mazizi ya ng'ombe, hana njia ya kumjua pomboo ila mbili, nazo ni neno na picha. Neno atalipata katika kamusi, au kinywani mwa mtu aliyewahi kufika pwani. Picha ataipata kitabuni, gazetini au katika simu, nayo itamwonyesha mnyama mwenye mgongo unaong'aa, amechupa juu ya maji ya samawati, matone yametawanyika kama shanga za uzi uliokatika. Chini ya mnyama ni bahari, na juu yake ni mbingu. Kitu cha tatu hakionekani.

Hapana shaka mtoto huyo ataiamini picha kuliko neno. Neno humwachia kazi ya kuwaza. Picha humpa kitu kilichokwisha kuwazwa. Ndiyo maana yafaa picha ya mnyama wa pori ihakikiwe kwa bidii ile ile ambayo kwayo huhakikiwa shairi au riwaya, na pengine kwa bidii kubwa zaidi, kwa kuwa msomaji wa shairi anajua kwamba mbele yake yupo mtunzi, lakini mtazamaji wa picha hudhani kwamba mbele yake yupo pomboo.

Picha ni shahidi. Shahidi aitwapo barazani huulizwa maswali matatu: alisimama wapi, aliona nini, na alifanya nini hata akaona. Maswali hayo huulizwa hata katika shauri dogo la mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Walakini picha ya mnyama wa pori, iwe ya baharini au ya nyikani, huingia majumbani na madarasani bila kuulizwa hata moja. Wanafunzi wa fasihi hufunzwa kupima vina, mizani, maudhui na taswira. Neno taswira lenyewe ni ndugu wa neno sura, na asili yake ni katika habari ya kuchora na kuonyesha umbo. Fasihi imeazima jina la picha ikalifanya kipimo cha maneno. Deni lililobaki ni kukirudisha kipimo hicho kwa mwenyewe.

Kiswahili husema kupiga picha, kama kisemavyo kupiga bunduki na kupiga mnyama risasi. Si vema kukilemea mno kitenzi kimoja, kwa maana kitenzi hiki hubeba mizigo mingi isiyo na udugu: mtu hupiga pasi, hupiga hodi, hupiga simu, na hakuna aliyeumia. Lakini katika jambo hili historia ya ufundi wenyewe yaunga mkono lugha. Mwaka 1882, huko Ufaransa, Étienne-Jules Marey alitengeneza chombo chenye umbo la bunduki, chenye kitako na mtutu, ili apige picha 12 kwa sekunde moja za ndege arukaye. Miaka ishirini na zaidi kidogo baadaye, Mjerumani Carl Georg Schillings alipita katika nchi iliyokuwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, akawapiga picha wanyama wa usiku kwa mwanga wa ghafla. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na katika jina lake mwanga huo na bunduki vimewekwa pamoja, bega kwa bega. Ili simba aje mbele ya kamera, Schillings alimfunga ng'ombe au punda akawa chambo. Jambo la kuangaliwa na mhakiki ni kwamba katika baadhi ya picha hizo chambo kinaonekana. Mtazamaji amwona simba, na amwona pia mnyama aliyefungwa. Picha ni ya kikatili, lakini haifichi bei yake.

Sasa na itazamwe kazi ya kumpiga picha pomboo. Katika nchi zisemazo Kiswahili hakuna mahali ambapo kazi hii hufanywa zaidi kuliko Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, penye vijiji viwili vya Dimbani na Mkunguni, mbele ya ghuba ya Menai. Wanaoonekana huko ni pomboo wa aina mbili: wale wenye pua iliyochongoka kama shingo ya chupa, ambao ndio wengi, na wale wenye nundu mgongoni, walio wachache na wenye haya. Boti hutoka asubuhi. Nahodha hukaa shetri, mkono juu ya mashine. Mpigapicha hukaa au husimama karibu na omo. Bahari humwinua na kumshusha, boti humtikisa, jua likipanda, maji humrudishia mwanga machoni. Pomboo huja juu kuvuta pumzi, mgongo huonekana kwa muda wa sekunde moja au mbili, kisha maji hujifunga kana kwamba hapakupita kitu. Mpigapicha hawezi kungoja amwone ndipo apige, kwa kuwa amwonapo amekwisha kuchelewa. Yampasa kukisia pomboo atakapotokea, aielekeze lenzi mahali pasipo na kitu, na aifungue kwa muda mfupi usiozidi sehemu moja ya elfu ya sekunde, ili mtikiso wa boti na mwendo wa mnyama visifute sura.

Kwa hiyo ustadi wa kwanza wa kazi hii si wa mpigapicha, ila ni wa nahodha. Nahodha hodari hawafukuzi pomboo kwa nyuma wala hawakatizi kwa mbele. Huiweka boti ubavuni mwao, kwa mbali, mwendo wake ukilingana na wao, kisha hupunguza mashine na kuwaachia hiari ya kukaribia au kwenda zao. Nahodha asiye hodari, au aliye hodari lakini asukumwaye na abiria wenye haraka, huingia katikati ya kundi. Hapo pomboo huzama, hubadili njia, hutokea mbali. Boti hugeuka, na mbio huanza upya. Picha nzuri yaweza kupatikana kwa njia zote mbili. Hapa ndipo uhakiki wa picha unapokuwa mgumu: mchupo wa mnyama aliyekuja kwa hiari na mchupo wa mnyama aliyekatiziwa njia hufanana machoni, kama machozi ya furaha na ya msiba yafananavyo shavuni.

Picha zinazotoka katika boti hizo zaweza kugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mchupo: mnyama mzima juu ya maji, mwanga ubavuni, bahari tupu nyuma yake. Hizi ndizo zinazopambwa kutani na kuchapwa katika vitabu vya utalii. Fungu la pili ni la pezi: pembe ya kijivu iliyotoka majini, haina jicho wala kinywa, na mara nyingi haina hata mwanga mzuri. Mtu asiyejua huifuta picha ya namna hii siku ile ile. Lakini watafiti huilinda kama hati. Mwaka 1977 Bernd na Melany Würsig walionyesha, kwa pomboo wa pwani ya Argentina, kwamba ukingo wa nyuma wa pezi la mgongoni una mapengo na michaniko isiyofanana kwa wawili, na kwamba kwa picha hizo mnyama mmoja mmoja aweza kutambuliwa mwaka baada ya mwaka. Njia hiyo ilifika Kizimkazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwayo ilijulikana kwamba pomboo wa pwani ile si umati usio na idadi, maana makadirio ya watafiti kwa wale wenye pua ya chupa hayakufika 200. Na ilijulikana pia kwamba wengi wao ni wale wale waliorudi majira kwa majira.

Mafungu haya mawili yakipimwa kwa kipimo cha uzuri, la kwanza hushinda bila shindano. Yakipimwa kwa kipimo cha sanaa ya wahusika, hukumu hugeuka. Picha ya mchupo haisemi ni pomboo gani. Yeyote angefaa, na mtazamaji hakumbuki kitu ila furaha yake mwenyewe. Ni kama shujaa wa hadithi asiye na jina, mama wala jeraha, aliyeletwa ili aruke na kupigiwa makofi. Picha ya pezi humtaja mmoja. Pengo lile ni la kwake peke yake, alilipata kwa jino la mwenziwe au la papa, kwa wavu au kwa chombo. Picha ya mwaka jana na ya mwaka huu zikiwekwa pamoja, maisha yake yaanza kusimulika. Wahakiki wa riwaya wamezoea kumkosoa mwandishi ambaye wahusika wake ni bapa. Kosa lile lile limo katika picha nyingi zinazosifiwa, nalo halionekani kwa sababu rangi zake ni nzuri.

Yatakiwa haki itendwe, wala isidhaniwe kwamba boti za watazamaji zilileta hasara tupu. Kabla yake, wavuvi wa Kizimkazi waliwawinda pomboo, na nyama yao ikawa chambo cha papa. Safari za kuwatazama zilianza mwaka 1992. Uwindaji ulikoma mwaka 1996. Na mwaka 1997 ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Mnyama aliyekuwa chambo amekuwa mgeni wa heshima, kwa sababu ilionekana kwamba pomboo hai huleta fedha kila siku, na aliyekufa huleta mara moja tu. Katika maana hii kamera iliokoa roho. Mtu atakayeishutumu picha ya pomboo bila kutaja chusa na jarife lililoitangulia, yeye naye amekata ukingo wa picha yake.

Lakini wema mmoja haufuti swali. Utafiti uliofanywa pwani ile, ukachapwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwapo pomboo hupungukiwa na wakati wa kupumzika, wa kula na wa kukaa pamoja, na wakati wao mwingi huishia katika mwendo. Mama mwenye ndama hulipa zaidi, kwa kuwa kunyonyesha kwataka utulivu. Hayo hayamo katika picha. Picha huonyesha nusu ya sekunde ambayo mnyama yuko juu, na mtazamaji husema: tazama alivyo na furaha! Haoni saa mbili za kufukuzwa zilizotangulia, wala boti nyingine zilizokizunguka kile kipande cha bahari kilichoonyeshwa kitupu. Wahenga walisema kwamba lisilokuwapo machoni na moyoni halipo. Mpigapicha anayeipanga picha yake hata boti zote zikatoka ukingoni hakusema uongo kwa neno lolote, lakini amemwondolea mtazamaji sababu ya kuona huruma.

Hapa ushairi wa Kiswahili waweza kuwa mwalimu wa picha. Pwani hii imetunga mengi juu ya bahari, na katika tungo hizo bahari haiji peke yake. Dau, jahazi na mtepe huja nayo, pamoja na tanga, usukani, ngama na mashaka ya nahodha. Katika mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, vyombo na mambo ya bahari ni sehemu ya usemi. Methali zafanya vivyo hivyo: aendaye tezi na omo marejeo yake ni ngamani. Aliyetunga methali hiyo alijua kwamba mtu wa baharini hana pa kusimama ila chomboni, na kwamba kila akionacho akiona kutoka hapo. Picha ya pomboo imekataa elimu hiyo. Imepigwa kutoka chomboni, ikadai kwamba imepigwa kutoka popote.

Mtu aweza kudhani basi kwamba dawa ni rahisi: chombo kionyeshwe, na picha itakuwa ya kweli. Ili dhana hiyo ipimwe, yafaa kurudi upande wa Ringwani, kwa kuwa nyika ya Serengeti nayo imepigwa picha kutoka katika vyombo viendavyo, na mfano mkubwa kuliko yote ni filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959, ambayo jina lake lasema kwamba Serengeti haitakufa, au haipaswi kufa. Mwaka uliofuata ilipewa tuzo ya Oscar kwa filamu za habari za kweli. Chombo chao kilikuwa ndege ndogo aina ya Dornier, iliyopakwa mistari ya punda milia. Hawakuwa wa kwanza kuvika chombo ngozi ya mnyama: Wamarekani Martin na Osa Johnson, walipozunguka juu ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1933 na 1934, walikuwa na ndege mbili, moja ya mistari ya punda milia na moja ya mabaka ya twiga.

Filamu ya Grzimek haifichi chombo hata kidogo. Ndege yaonekana ikiruka, ikitua na kuandamana na makundi, hata ikawa kama mhusika wa tatu baada ya baba na mwana. Kazi yao nayo haikuwa mchezo. Walitaka kuwahesabu wanyama na kuifuata njia ya nyumbu, kwa sababu mipaka mipya ya hifadhi ilikuwa ikikatwa, na wao walionyesha kwamba nyumbu hawaifuati mistari ya ramani. Hesabu yao ya mwaka 1958 ilipata nyumbu 99,481. Ilifanywa kwa macho. Hesabu za miaka ya baadaye zilitegemea picha zilizopigwa kutoka ndegeni, nazo ni picha za namna ya pezi: hazina uzuri, ni vitone juu ya majani, lakini zimewafundisha watu kwamba makundi yale yalipita milioni moja katika miaka ya 1970, baada ya sotoka kuisha. Michael hakuiona filamu ikishinda. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tai, ikaanguka, akafa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro, na tangu mwaka 1987 baba yake amezikwa kando yake. Filamu iliyolipiwa kwa roho ya mmoja wa watungaji wake haiwezi kuambiwa kwamba ilificha gharama ya watungaji.

Hata hivyo imeficha kitu, na kitu hicho ni watu. Kutoka angani nchi huonekana imelala wazi, haina jina. Watu wanapoingia katika filamu, aghalabu huingia kama hatari kwa wanyama: mwenye mtego, au mfugaji ambaye ng'ombe wake wanakula majani ya nyumbu. Msimamo wa Grzimek, alioueleza waziwazi, ulikuwa kwamba ndani ya hifadhi asikae mtu yeyote, hata mwenyeji. Mwaka ule ule wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi katika nyika za Serengeti wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Si haki kusema kwamba filamu ndiyo iliyowahamisha, kwa maana shauri hilo lilikwisha kuamuliwa na serikali ya kikoloni. Lakini filamu iliwapa watu wa mbali sura ya nchi ambayo ndani yake uhamisho huo ulionekana kuwa wa kawaida, kama kufagia ua.

Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata, Waishenyi, Waikizu na Wangoreme walikuwa na sura nyingine ya nchi hiyo hiyo. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya kumbukumbu za watu wa Serengeti ya magharibi, ameonyesha kwamba kwao nyika ilikuwa na makao ya wazee, mahali pa kuwinda na pa kutambikia, na njia za safari zenye majina. Wao waliiona nchi kwa miguu. Aendaye kwa miguu huona mti mmoja na kuuita. Arukaye huona msitu. Kwa hiyo watoto wa Ringwani wamo katika hali ya ajabu: pomboo wasiyemjua wameonyeshwa, na nchi waijuayo ikionyeshwa kwa walimwengu, wao na babu zao wamo nje ya ukingo. Wanatazama picha mbili, moja ya mbali na moja ya nyumbani, na zote mbili zina upungufu wa namna moja, ambao ni wepesi kuonekana katika ile ya nyumbani tu.

Hapa imebainika kwamba kuonyesha chombo hakutoshi. Ndege yenye mistari yaonekana, na bado ushahidi wake una tundu. Swali la kwanza, la mahali aliposimama shahidi, limejibiwa. Swali la pili, la kile alichoona, limejibiwa nusu, kwa sababu aliye juu huona mwendo wa makundi vema kuliko mtu yeyote, lakini haoni jina la kilima. Hakuna chombo kionacho yote. Boti huona mgongo wa pomboo na haioni ndama akinyonya chini. Ndege huona kundi na haioni kaburi la mzee. Mtembezi huona kaburi, lakini hajui kama nyumbu ni laki moja au milioni. Kosa halianzi pale chombo kinaposhindwa kuona. Huanza pale asichokiona mtu kinapotangazwa kuwa hakipo.

Wako watakaojibu kwamba sanaa yote ni uchaguzi, na kwamba mshairi naye huacha mengi nje ya beti zake. Kwa nini basi mpigapicha abebeshwe mzigo ambao mshairi habebeshwi? Jibu ni kwamba mzigo ni mmoja, lakini migongo si sawa. Mshairi akisema bahari ni tupu, msomaji husikia sauti ya mtu asemaye, naye aweza kumbishia. Mpigapicha akionyesha bahari tupu, mtazamaji hasikii sauti, huona bahari. Uchaguzi usiojulikana kuwa ni uchaguzi una nguvu ya sheria. Tena, mshairi akiandika juu ya pomboo hampunguzii pomboo usingizi. Picha hupatikana kwa kumwendea mwenyewe, mahali anapolala, na kila picha moja iliyo bora huwatuma watu wengine kumi kwenda kutafuta ya kwao.

Wengine watasema kwamba maswali haya yatawakatisha tamaa vijana wanaoanza kushika kamera, ambao sasa ni wengi, Unguja na bara. Yumkini itakuwa kinyume. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kijana akijua kwamba picha ya pezi ina heshima kuliko ya mchupo, hatalazimika kumsukuma nahodha aingie katikati ya kundi. Atakaa mbali, atangoja, atarudi siku nyingine na mwaka mwingine, na picha zake zitakuwa na kumbukumbu ndani yake. Akiambiwa kwamba boti ya jirani si uchafu wa picha bali ni sehemu ya habari, ataiacha ionekane mara moja moja, na watazamaji watajifunza kuhesabu boti kama wanavyohesabu pomboo. Na akijua kwamba chini ya picha pana nafasi ya maneno, ataandika siku, mahali, umbali na jinsi mnyama alivyokuja: kwa hiari, au kwa kukatiziwa.

Katika jambo hilo la mwisho lugha ina kazi yake. Picha nyingi za wanyama wa nchi hii husafiri zikiwa na maelezo ya lugha za kigeni, na zinaporudi nyumbani hurudi bubu. Mwalimu wa Ringwani anayetaka kuwaonyesha wanafunzi pomboo hupata sura bila habari. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kueleza: omo na shetri, pezi na nundu, jarife na chusa, hiari na kukatizwa yote yapo, na yamekuwapo kabla ya kamera. Kilichopungua ni mazoea ya kuketi mbele ya picha na kuihoji kama lihojiwavyo shairi, ubeti kwa ubeti, mpaka iseme ilikosimama.

Siku mazoea hayo yatakapoota, mwanafunzi wa Ringwani ataitazama picha ya mchupo na kuifurahia, kwa maana uzuri wake ni wa kweli na haupaswi kuonewa haya. Kisha atauliza: nani alikuwa usukanini? Boti ngapi zilikuwapo? Je, huyu ni yule wa mwaka jana? Na akiisha kuuliza hayo juu ya bahari asiyoijua, atageuka kuitazama picha ya nyika anayoijua, naye hatahitaji kufundishwa swali la kuuliza.